Cessna 172 injini inapozima: tathmini ya ndege ya mafunzo

Tathmini nyingi za ndege ndogo huanza na kasi, idadi ya viti na lita za mafuta zinazotumika kwa saa. Mambo hayo yamekwisha kuandikwa mno kuhusu Cessna 172, ndege ya viti vinne ambayo zaidi ya 44,000 zimetengenezwa tangu ilipoingia sokoni mwaka 1956, na ambayo wengi wanaosomea urubani Afrika Mashariki watakutana nayo wakati fulani. Mimi nimeipima kwa swali moja tu: injini yake, ambayo ni moja, ikizima, ndege hii inampa rubani nini, na inamdai nini? Nimezingatia matoleo mawili. La kwanza ni 172N ya mwishoni mwa miaka ya 1970, yenye injini ya Lycoming ya nguvu farasi 160 inayotumia kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. La pili ni 172S, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1998, yenye Lycoming ya nguvu farasi 180 inayopuliziwa mafuta bila kabureta.

Sifa zake ni za kweli, na kubwa kuliko zote ni kwamba ndege hii haianguki kwa sababu injini imenyamaza. Kwenye 172S mwongozo wa mtengenezaji unamtaka rubani ashike kasi ya noti 68, na noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Akiishika kasi hiyo, ndege inaelea mbele takriban maili moja na nusu za baharini kwa kila futi 1,000 inazoshuka. Kwa usawa wa bahari hiyo ni karibu dakika moja na robo kwa kila futi 1,000, kwa hiyo mtu aliye futi 3,000 juu ya ardhi ana kama dakika nne za kuchagua shamba, kujaribu kuwasha tena, kuita kwenye redio na kuwaeleza abiria la kufanya. Dakika nne zinatosha kwa aliyekwisha kuyapanga mambo hayo kichwani. Asiyeyapanga ataona zimekwisha akiwa bado anatafuta karatasi.

Sifa ya pili ni mwendo wake mdogo wa kutua. Flapu, yaani vibao vya nyuma ya mabawa, zikiwa zimeteremshwa zote, mabawa ya 172S yanaendelea kuibeba ndege mpaka karibu noti 40 kwenye kipima kasi, yaani kilomita 74 kwa saa, na ukiwa na upepo wa mbele wa noti 10 ardhi inakujia kwa kilomita 55 hivi kwa saa, mwendo wa matatu ndani ya mji. Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka ukumbuke kwamba nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi: anayegusa ardhi kwa noti 60 badala ya 40 amebeba nguvu zaidi ya mara mbili. Hapo ndipo ndege hii inapookoa watu, hata pale shamba lililochaguliwa linapokuwa na mashimo na miiba na ndege yenyewe haitaruka tena.

Hesabu hizo zote zinabadilika kwa anayerukia uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kipima kasi kinaonyesha noti zilezile 68, lakini kwa kuwa hewa ni nyepesi, mchana wa joto la kawaida ndege inakwenda kwa kasi halisi ya noti 77 hivi. Pembe ya kuelea haibadiliki, ila muda unapungua mpaka dakika moja na sekunde chache kwa kila futi 1,000, na ardhi inaguswa kwa nguvu iliyoongezeka kwa zaidi ya robo. Kibaya zaidi ni upande wa kupaa. Injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupata hewa kidogo na kutoa kama robo tatu tu ya nguvu zake, hivyo ndege inapanda kwa uzito na kukawia katika zile futi mia tano za mwanzo ambamo rubani hana nafasi ya kuchagua mengi. Mwongozo unasema wazi kwamba kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000 mchanganyiko wa mafuta na hewa upunguzwe kabla ya kuruka mpaka injini itoe mizunguko ya juu kabisa. Anayesukuma kile kishikio chekundu cha mchanganyiko mpaka mwisho kwa mazoea ya Mombasa anaondoka Nairobi na injini inayobanwa na mafuta yake mwenyewe.

Injini kuzima mara baada ya kupaa ndilo jaribio gumu kuliko yote, na hapa upole wa 172 una mpaka. Pua iko juu, kasi ni noti 74 hivi, na mvuto wa propela unapotoweka ghafla kasi hiyo inayeyuka haraka. Kitabu cha mafunzo cha mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani kinataja sekunde nne kama muda ambao rubani wa kawaida hutumia kutambua kilichotokea na kuanza kutenda. Katika sekunde hizo nne, asiposukuma usukani mbele, ndege inakaribia mahali ambapo bawa huishiwa na mnyanyuo, yaani nguvu ya kuibeba ndege. Honi ya onyo ya Cessna hulia mapema na kwa sauti mbaya ya kukwaruza, na naihesabu miongoni mwa vifaa bora vya ndege hii, kwa kuwa haitegemei umeme bali upepo unaofyonzwa kupitia tundu lililo mbele ya bawa la kushoto.

Kishawishi kinachofuata ni kugeuka kurudi uwanjani. Jiometri yake inafaa ielezwe, kwa sababu watu wengi huidhani ni nusu duara tu. Kwa kasi halisi ya noti 77 na ndege ikiwa imelala nyuzi 45, duara la kugeuka lina kipenyo cha zaidi ya mita 300. Ukimaliza nyuzi 180 hujarudi kwenye barabara ya kurukia. Uko sambamba nayo, mita 300 pembeni, na inakubidi uendelee kugeuka ili kuifuata kisha ugeuke upande wa pili kujinyoosha. Muda wote huo, kwa sababu ya ule mlalo, kasi ambayo bawa huishiwa na mnyanyuo imepanda kwa asilimia 19, na kila sekunde ndege inapoteza futi nyingi kuliko ikiwa imenyooka. Mwongozo wa 172 hauna maneno mengi juu ya hili: shusha pua, tua mbele yako, geuka kidogo tu kukwepa vizuizi. Nakubaliana nao. Ugumu ni kwamba kwa Wilson jibu linategemea unaelekea wapi, maana kusini kuna mbuga ya wanyama na kaskazini kuna mitaa iliyosongamana, Kibera ikiwamo. Rubani anayejua kabla hajaachia breki kwamba leo chini ya futi kadhaa atakwenda mbugani, bila kuomba ruhusa ya mtu, amekwisha kuiokoa sehemu kubwa ya zile sekunde nne.

Sasa, injini hizi huzima kwa nini? Wengi hufikiria chuma kuvunjika. Hutokea: injini ya toleo la 172N ilijipatia jina baya kwa sababu ya kamshafti, mhimili unaofungua vali za injini, kulika mapema, na mnunuzi wa 172N ya zamani anapaswa kuuliza fundi swali hilo kabla ya swali la rangi. Lakini injini iliyotunzwa na kulishwa vizuri ina subira ya kushangaza. Kati ya Desemba 1958 na Februari 1959, Robert Timm na John Cook waliirusha Cessna 172 juu ya jangwa la Nevada na jirani yake kwa siku 64 na saa 22 bila kutua, wakivuta mafuta kwa mpira kutoka lori lililokimbia chini yao. Zaidi ya saa 1,500 mfululizo injini haikuzimwa. Walishuka pale tu masizi yalipokuwa yamejaa kwenye silinda kiasi kwamba ndege ilishindwa kupanda ikiwa na mzigo.

Kinachozima injini mara nyingi ni kukosa mafuta. Bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, ilitoa tahadhari mwaka 2017 ikionyesha kuwa usimamizi mbaya wa mafuta ulisababisha kwa wastani ajali zaidi ya 50 kwa mwaka katika safari za ndege ndogo nchini humo kati ya 2011 na 2015, na kwamba zilizotokana na hitilafu ya mfumo wenyewe wa mafuta hazikufika asilimia 5. Nyingine zote zilimhusu mtu: aliyekadiria vibaya, aliyesahau kubadili tangi, aliyeruka bila kupima. Karibu nusu ya marubani waliohusika walikuwa na leseni za biashara au za mashirika ya ndege, si wanafunzi.

Kwa upande huu 172 imebuniwa vizuri kuliko washindani wake wengi. Matangi yako juu, ndani ya mabawa, na mafuta hushuka kwa uzito wake. Kichaguzi cha tangi kilicho sakafuni kati ya viti viwili kina sehemu ya kuruhusu matangi yote mawili kwa pamoja, na rubani anaweza kukiacha hapo safari nzima. Piper PA-28, ambayo shule nyingi huitumia pia, ina bawa la chini na kichaguzi cha kushoto au kulia peke yake. Anayesahau kubadili ataisikia injini ikikohoa hali nusu ya mafuta yake iko salama kwenye tangi la pili. Kama ningekuwa nachagua ndege ya mwanafunzi anayeruka peke yake kwa mara za kwanza, tofauti hii pekee ingenitosha.

Hata hivyo, vipimo vya mafuta vya matoleo yenye mishale siviamini, na simshauri mtu yeyote aviamini. Mshale hucheza ndege ikitikisika, na ukiinamisha bawa kidogo husema habari nyingine kabisa. Kipimo cha kweli ni kijiti kinachochovywa ndani ya tangi, na ili kukitumia unahitaji kupanda juu, kwa sababu vifuniko viko mgongoni mwa bawa. Ndipo inapoonekana tabia ya shule: ngazi ikiwa karibu na ndege kila mtu anapima, na ikiwa imefungiwa bohari watu wanatazama mshale. Kuhusu maji ndani ya mafuta, 172S ina vali 13 za kukinga sampuli, tano chini ya kila bawa na tatu chini ya injini. Ni kazi ya kuchosha, unazunguka na kikombe cha plastiki ukichuchumaa na kuinuka, huku mafuta yakikuchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Katika kikombe, petroli ya ndege ina rangi ya buluu na maji hukaa chini kama ushanga usio na rangi. Kikombe chote kikiwa hakina rangi, usifurahi haraka, yaweza kuwa maji matupu. Msimu wa mvua, ndege iliyolala nje na vifuniko vyenye mpira uliozeeka, vali hizo zote 13 zina haki ya kuguswa.

Anayeruka 172N pwani ana jambo jingine la kuhofia, nalo ni barafu ndani ya kabureta. Wageni hulicheka katika joto la Tanga au Malindi, lakini hewa inapopita kwenye koo la kabureta na mafuta yakigeuka mvuke, joto linaweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi 20, na unyevunyevu wa pwani unatosha kujenga barafu hasa wakati wa kushuka nguvu zikiwa zimepunguzwa. Dalili yake ni mizunguko ya injini kupungua polepole bila mtu kugusa kitu. Dawa ni kuvuta kishikio cha joto la kabureta na kukiacha hapo, hata kama injini itatetemeka zaidi kwa muda inapomeza maji ya barafu inayoyeyuka. Wapo waliokirudisha haraka kwa kudhani wameiharibu injini. 172S haina shida hii kabisa, na kwa shule iliyo pwani ningelipa tofauti ya bei kwa sababu hiyo.

Mwongozo wenyewe ni sehemu ya bidhaa, nao ninaupa alama nzuri ila si kamili. Utaratibu wa injini kuzima safarini kwenye 172S una hatua chache zenye mantiki: shika noti 68, hakikisha vali ya kufunga mafuta imesukumwa ndani, kichaguzi kiwe kwenye matangi yote mawili, washa pampu ya akiba, ongeza mchanganyiko, weka swichi ya magneto, mitambo miwili inayotoa cheche za injini, kwenye zote mbili au geuza stata ikiwa propela imesimama. Unakariri kwa wiki moja. Lakini utaratibu wa kutua bila injini unaagiza swichi kuu ya umeme izimwe, na flapu za ndege hii zinaendeshwa kwa umeme. Anayezima kabla ya kuziteremsha ameitupa ile faida ya noti 40 niliyoisifu hapo juu. Mwongozo unapanga mambo kwa mfuatano sahihi. Kadi za plastiki ambazo shule hujichapishia huwa zinachanganya, na nimeona kadi yenye noti 65 za 172N ikining'inia ndani ya 172S. Matoleo ya kabla ya katikati ya miaka ya 1970 yana kipima kasi kinachosoma maili za kawaida kwa saa, si noti, kwa hiyo anayehama kutoka ndege moja hadi nyingine ndani ya shule moja aisome namba ya ndege aliyokalia, asiisome ya jana.

Mafunzo yanayokuja na ndege hii ndiyo yanayonisikitisha. Katika shule nyingi zoezi la injini kuzima hufanyika mahali palepale, kwa futi zilezile, baada ya mwalimu kukohoa na kuweka mkono kwenye kishikio cha nguvu. Mwanafunzi amekwisha kuchagua shamba tangu dakika mbili zilizopita, tena ni shamba ambalo wenzake wote hulichagua. Zile sekunde nne hazipo katika zoezi la namna hiyo. Tena injini iliyopunguzwa nguvu bado inazungusha propela kwa msaada wa mafuta, hivyo ndege inaelea mbali kuliko itakavyoelea siku injini imekufa kweli. Mwalimu mzuri huondoa nguvu katikati ya mazungumzo, mwanafunzi akiwa anakunja ramani au anajibu mnara, na huongeza nguvu kidogo kila baada ya muda ili injini isipoe. Anayelipia saa za ndege ana haki ya kudai zoezi la aina hii, tena baada ya kupata leseni, si kabla ya mtihani tu.

Swali la haki ni kwa nini mtu asinunue ndege ya Cirrus yenye mwavuli unaoishusha ndege nzima. SR20, mojawapo ya ndege hizo, ilithibitishwa na mwavuli huo mwaka 1998, na umeokoa watu wengi. Lakini kwa miaka kadhaa marubani wa Cirrus waliendelea kufa ajali ambazo mwavuli ungezizuia, kishikio kikiwa juu ya vichwa vyao bila kuvutwa, mpaka mafunzo yalipobadilishwa na kuwafanya wakitamke na kukigusa kila wanapopanda. Cirrus hutua kwa kasi kubwa kuliko 172, mwavuli wake hulazimika kufungwa upya kila baada ya miaka 10 kwa gharama kubwa, na fundi wa kuufanyia kazi hapatikani kila uwanja. Kwa mwenye fedha na anayeruka usiku au juu ya milima, ni chaguo zuri. Kwa shule zetu, 172 inabaki kuwa ndege ninayoipendekeza.

Nina angalizo moja kwa wanaoitumia kuvuka kwenda Unguja. Pale mlango wa bahari ulipo mwembamba kabisa, kutoka bara hadi kisiwani ni takriban kilomita 36. Katikati yake nchi kavu iko karibu maili 10 za baharini kila upande, na kwa maili moja na nusu kwa kila futi 1,000, rubani anahitaji kuwa karibu futi 7,000 ili aweze kuifikia bila injini, upepo ukiwa umetulia. Anayevuka kwa futi 2,000 ana maili tatu tu, na kwa sehemu kubwa ya njia amekwisha kuamua kwamba injini ikizima atatua majini. 172 ina magurudumu yasiyokunjwa ambayo hugusa maji kwanza, na ndege inaweza kubinuka, kwa hiyo milango ifunguliwe kidogo kabla ya kugusa maji isije ikabanwa na fremu iliyopinda. Atakayeikodi kwa safari hiyo aulize jaketi za kuokolea kabla ya kulipa, na kila abiria avae lake tangu ardhini, la aina ya kufungwa kiunoni, kwa sababu ndani ya ndege ile hakuna nafasi ya kulivaa mtu akiwa kwenye mkanda, na lisijazwe upepo mpaka awe amekwisha kutoka nje ya mlango.